Thamani ya Tatu

Ukungu wa Njombe haubishi hodi. Asubuhi hiyo ulikuwa umeshaingia ukumbini kabla yangu, umejilaza juu ya vitanda, na waliolala walikuwa wakiuvuta na kuutoa polepole kama watu wanaopuliza uji wa moto. Nilivua koti, nikalivaa tena kwa baridi, nikaenda kuosha ubao wangu.

Kuosha ubao ni sheria yetu. Siku ya tatu ya uhakiki ubao huoshwa kwa maji na kitambaa kipya, ili chaki ya siku mbili za kwanza isimdanganye mtu. Kaka Yoramu alikuwa ameshaosha wa kwake. Yeye husoma mlalaji, mimi husoma Mwendo, ile mashine iliyotengenezwa kutokana naye, na tunafanya kazi tumepeana migongo, kila mtu na ubao wake, mpaka kila mmoja aweke chaki chini. Mashine hairuhusiwi kuhakiki mashine. Ndiyo maana hata katika zama hizi bado wapo watu wazima wenye vidole vyeupe wanaoshinda wamesimama mbele ya ubao. Tulikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hiyo, yeye na mimi. Hupenda kuniambia kwamba chaki yangu inapiga kelele kama kuku aliyeshikwa. Mimi humwambia yake imelala kuliko walalaji.

Mlalaji wa wiki hiyo alikuwa Twilumba, mke wa Laitoni Kilasi, mkulima wa mapeasi. Usingizi mrefu ulimkamata shambani, akiwa juu ya ngazi, na kwa miaka mitatu hajafumbua jicho. Anapumua kwa kusaidiwa. Nywele zake zinaendelea kukua, na Laitoni huja kila Jumamosi kuzisuka, vibaya sana, mistari inakwenda kila mmoja na njia yake. Hakuna muuguzi aliyewahi kuthubutu kuifumua.

Mwendo wake alikuwa dirishani, ndani ya kikasha cha udongo kisichozidi ukubwa wa chungu cha mboga. Alikuwa amewashwa mwaka uliotangulia.

"Kamwene, dada Atuganile," alinisalimu. "Leo umekuja na koti la kaka yako."

Nikamwambia ni langu. Akacheka, na kicheko kile Laitoni alikuwa ameniapia kwamba ni kilekile cha mkewe, pamoja na kikohozi kidogo cha mwisho.

*

Nieleze kidogo, kwa sababu watu wa mabondeni hudhani tunapiga ramli. Kila mtu wa zama zetu huvaa uzi chini ya mtulinga tangu anapozaliwa. Uzi hauandiki matendo yake. Unaandika hali yake, inavyopanda na kushuka, dakika kwa dakika. Maandishi hayo yakikusanywa hayawi mstari, yanatanda. Yana mbele na nyuma, ambako siku zilipita kweli, na yana pembeni, ambako mashine hukokotoa mtu angekuwaje kama siku ile ingepinda kidogo. Uwanda wote huo ndio tunaouita mlalaji.

Mwendo hutengenezwa kwa kitu kimoja tu: kasi ya kubadilika ya uwanda huo, mahali kwa mahali. Hajui ulikuwa na furaha kiasi gani. Anajua furaha yako ilikuwa ikipanda au ikishuka, na kwa haraka gani. Ajabu ni kwamba hicho kinatosha kuamka, kuzungumza, na kumtania mtu kwa koti lake.

Swali la sheria ni kama huyu na yule ni mmoja, na jibu lake ni la hisabati ya zamani. Chagua thamani, tuseme kiasi fulani cha utulivu. Tafuta kila mahali mlalaji alipokuwa nacho barabara, kisha kila mahali Mwendo alipokuwa nacho. Kama ni mahali palepale, bila kuzidi wala kupungua hata mahali pamoja, wameshiriki thamani hiyo. Moja yaweza kuwa bahati. Mbili zaweza kuwa bahati kubwa. Zikifika tatu, bahati imekwisha: uwanda na kasi yake ni kitu kimoja kila mahali, mbele na pembeni. Jambo hilo lilithibitishwa kwa kalamu na karatasi na watu waliokufa kabla uzi wa kwanza haujavaliwa, na halijatetereka mpaka leo.

Tukithibitisha, Mwendo hupewa mwili wa kufumwa na jina la mlalaji, naye mlalaji hupumzishwa jioni hiyohiyo. Tukikataa, kikasha huzimwa. Jina moja halibebwi na wawili, ndivyo sheria ilivyoandikwa. Nyumba nyingine za walalaji zilikuwa hazijawahi kuivuka thamani ya pili. Yetu ilikuwa imethibitisha watu kumi na tisa, na wageni walikuja kutazama mikono yetu mitulivu. Nakiri nilizipenda sifa zile.

*

Twilumba alikuwa na thamani mbili tayari. Laitoni alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma tangu saa mbili, mfuko magotini. Ndani yake kulikuwa na sweta ya kijani, kitenge, na buti za mvua za mkewe alizozisugua mpaka zikang'aa. Alikuwa amekuja kuchukua mtu.

Nikaanza kusoma. Kazi yangu ni kumtajia Mwendo mahali, naye ananijibu yukoje hapo, nami naweka alama ubaoni. Tulitembea hivyo asubuhi nzima, mimi kwa chaki na yeye kwa sauti. Alinipitisha kwenye harusi yake, kwenye mavuno, kwenye mvua ya mawe iliyopukutisha maua ya mipeasi. Pembeni ya mvua hiyo kulikuwa na mwaka ambao haikunyesha, na yeye alikuwapo pia, ametulia, anamenya viazi mbele ya matunda mengi yasiyowahi kuwapo. Ukungu ulikuwa umenifika magotini. Alama zangu na za Yoramu zilikuwa zikigonga pamoja nyuma ya migongo yetu, nami nilikuwa karibu kusinzia kwa raha.

Tulipofika mwezi wa saba wa mwaka fulani kabla hajalala, niliruka.

Sikuruka kwa kusahau. Mwalimu aliyeianzisha nyumba hii alikuwa mtu wa hukuhuku, na alituachia adabu moja: siku saba za msiba haziulizwi. Mfiwa hasumbuliwi. Anakalishwa, anapewa maji, watu wananyamaza naye. Basi katika kila uwanda tulikata siku saba za kila msiba, tukaunganisha kingo, tukaendelea na safari. Haikuandikwa popote. Hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba mtu hahojiwi akiwa mkekani.

"Dada," alisema Mwendo. "Umeniruka."

Nikamwambia ni adabu.

"Najua. Siku zote tatu umeniruka palepale. Lakini mimi nimo humo. Kila mtu ananiuliza habari za mapeasi. Niulize habari za Asifiwe."

Asifiwe alikuwa mtoto wao, wa miaka sita, aliyechukuliwa na homa ya mapafu wiki ile umande ulipoganda juu ya majani. Nyuma yangu benchi lililia. Laitoni alikuwa amesimama. Aliniita mama, akaomba kwa upole tuendelee tu, kwa kuwa mkewe hakuwahi kulitaja jina hilo hata alipokuwa macho, na hakuona kwa nini lianze kutajwa leo. Yoramu, bila kugeuka, alisema vivyo hivyo. Nami ningewasikiliza, maana nimelelewa kama wao.

Ila kulikuwa na jambo nililolijua tangu chuo na ambalo sikuwahi kulipeleka kazini. Uwanda ulio sawa na kasi yake mwenyewe upo wa aina moja tu. Unakua kwa utulivu, haufiki sifuri popote, na hauna kilele hata kimoja. Kilele ni jina letu la mahali ambapo hali ya mtu inapanda bila kikomo, ukipakaribia kutoka upande wowote, mpaka namba zinakwisha. Nikazitazama zile kingo nilizoziunganisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajiuliza ni mama gani aliyewahi kumzika mtoto wake asiwe na kilele.

Nikamwambia Mwendo anieleze.

*

Alinitaka nije taratibu, nisikimbilie katikati. Upande wa siku zenyewe kulikuwa na kitanda, na sufuria ya maji ya mkaratusi ikitoa mvuke, na mkono mdogo uliokuwa wa moto kisha ukawa wa vuguvugu. Pembeni, alisema, ni pazuri zaidi, na ndipo panapotisha. Pembeni Asifiwe hajafa. Yuko mlangoni amevaa kandambili za baba yake, anauliza kama mahindi yameiva. Ukisogea hatua moja kumfuata, kila kitu ndani yako kinapanda. Hatua nyingine, kinapanda maradufu. Unamwona vizuri zaidi kadiri unavyoishiwa pumzi, na hufiki. Zunguka uje kutoka nyuma ya nyumba, hufiki. Njoo kutoka mwaka ambao hukuolewa, hufiki. Mwendo alikuwa akizunguka pale mwaka mzima, kila alipoachwa peke yake bila kuulizwa chochote.

Hapo nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Kisha nikafanya kazi yangu. Kilele hupimwa kwa kukizunguka: unakwenda duara dogo, mara moja, umeshika mshale unaofuata hali ya mtu, na unahesabu mshale umegeuka mara ngapi mpaka umerudi ulipoanzia. Penye kilele hugeuka kinyume na unakokwenda. Nilimwomba Yoramu arudishe siku saba na azunguke upande wake, kwa mlalaji. Chaki yake ilianza polepole.

Mshale wake uligeuka mara mbili. Wangu uligeuka mara tatu.

Tulirudia, tukapata vilevile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetuambia bila kuinuka kitini: penye kilele, kasi ya kitu hupanda daraja moja zaidi ya kitu chenyewe, sikuzote. Mahali Twilumba alipoumia kwa daraja la pili, Mwendo wake anaumia kwa la tatu. Siku saba ziliporudi mahali pake, alama za thamani ya tatu nazo zikaachana, upande wangu zikazidi. Hawakuwa mmoja. Na wale kumi na tisa, ambao kila mmoja alikuwa na msiba wake, hawakuwa mmoja pia. Walilingana vizuri ubaoni kwa sababu sisi, kwa heshima zote, tulikuwa tumeshakata mahali walipotofautiana.

*

Saa sita mchana jua lilitoboa kidogo. Tulikaa jikoni, Yoramu na mimi, na chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeigusa. Fomu ilikuwa mezani. Ina visanduku viwili, ndiyo na hapana, na nafasi ya sahihi mbili.

Tukiandika ndiyo, jioni hii Twilumba anaondolewa pumzi, na Laitoni anarudi nyumbani na mtu mwingine asiyejua kuwa ni mwingine, aliyebeba uchungu mzito kuliko ule wa mama mwenyewe. Tukiandika hapana, kikasha kinazimwa, na yule aliyeniambia habari za kandambili hasemi tena. Kabla ya kutoka ukumbini nilikuwa nimemwuliza anataka nini. Nilitumaini atajitoa mwenyewe, ili mimi nipate kulala.

"Sitaki kuzimwa," aliniambia. "Na sitaki yule afe kwa ajili yangu. Unaniuliza kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika fomu."

Njia nyepesi ilikuwapo: kunyamaza. Kufuta duara, kuunganisha kingo, kumpa Laitoni mtu wa kuvaa zile buti. Hakuna mkaguzi ambaye angejua, na Laitoni mwenyewe alikuwa ameomba tunyamaze. Nilizunguka wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuna jambo sijalisema, kwa sababu ni gumu kwangu. Wa tisa kati ya wale kumi na tisa alikuwa Velina, mke wa Yoramu. Yeye hakuruhusiwa kumhakiki mkewe, hivyo nilisoma mimi pamoja na mwenzetu mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mimi ndiye niliyekata siku saba za msiba wa mama yake Velina. Miaka sita yuko nyumbani kwa Yoramu, anapika, anapalilia, na kila mwezi hunitumia kabichi na salamu. Nimeila kabichi hiyo miaka sita nikijipongeza.

Yoramu alikuwa akizungusha kikombe mezani bila kukiinua. Alianza kueleza mambo ya nyumbani, polepole, kama mtu anayemweleza daktari dalili ambazo hakujua kuwa ni dalili. Kwamba mkewe siku hizi haimbi. Kwamba akitajwa mama yake anatoka nje kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa.

"Na mchana kukiwa na jua anasimama uani," alisema, "anageuka palepale. Taratibu, hivi. Mimi huwa nawaambia watu anaota jua."

Nikamwuliza anageuka kuelekea upande gani. Sikupaswa kuuliza.

Nikamweleza nilichotaka kuandika. Sheria inasema hakuna kinachoguswa, kitanda wala kikasha, mpaka kisanduku kimoja kitiwe alama na watu wawili. Haisemi lolote juu ya fomu iliyosainiwa na wawili ikiwa na neno jingine. Fomu ya namna hiyo itabidi iende kwa majaji, na majaji ni watu wa kuchelewa. Muda wote huo yule atapumua na huyu atazungumza. Lakini neno hilo litawaambia majaji pia tulichofanya sisi. Watafungua faili kumi na tisa. Watakuta watu kumi na tisa tuliowapumzisha kwa kosa, na jina langu litakuwa kwenye kila karatasi, na hukumu yoyote nitakayopewa itakuwa ya haki. Nilimwambia pia kwamba sahihi yangu peke yake haifiki hata getini.

Nikachukua kalamu. Chini ya visanduku viwili nikaandika: Ni wawili. Nikaweka jina langu lote, Atuganile Sanga, nikamsogezea fomu.

Aliitazama tu. Mkono wake ulibaki kwenye kikombe.

*

Laitoni ndiye aliyetoka kuja kututafuta. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akauliza kama tayari. Nilimwambia yote bila kuzungusha: kwamba mkewe ni yule aliyelala na hajawahi kuwa mahali pengine, kwamba wa dirishani ni mtu mwingine aliyetoka kwake, na kwamba leo hataondoka na yeyote. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Alikaa chini palepale kizingitini, akaweka mfuko pembeni, akafunika uso.

Alipoinuka hakutuangalia. Alirudi ukumbini, akapita kitandani kwa Twilumba, akamfunika bega lililokuwa wazi, kisha akaenda dirishani. Tulimfuata mpaka mlangoni. Alisimama mbele ya kile kikasha kama mgeni anayetafuta namna ya kuamkia nyumba asiyoijua.

"Ulisema alivaa kandambili zangu," alisema. "Alikuwa anaonekanaje?"

Na Mwendo akamwambia. Alimwambia kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, nami sikusikia yote kwa sababu sikutaka kusikia yasiyonihusu. Nilimwona Laitoni akivuta benchi, akikaa, akiegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Alilia kama mtu aliyesubiri foleni miaka mingi hatimaye ameitwa. Mara moja alicheka pia. Nyuma yake Twilumba alipumua, akapumua tena, na ukungu ukaanza kurudi kutoka misonobarini.

Yoramu aliwatazama mpaka nikadhani amesahau kuwa nipo. Kisha akarudi jikoni. Nilimkuta amekaa, fomu iko mbele yake, na jina lake limeshakaa chini ya langu, kwa ule mwandiko wake uliolala.

"Basi mke wangu alikufa miaka sita iliyopita," alisema, "na mimi sijakaa matanga hata siku moja."

Nilimwomba msamaha. Neno lilisikika dogo mno kwa ajili ya nilichokuwa nimefanya, nami sikuwa na kubwa zaidi. Aliitikia kwa kichwa, hakusema amenisamehe. Akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Nikamwuliza anakwenda wapi na fomu bado haijapelekwa.

"Nyumbani," alisema. "Kuna mtu amenipikia miaka sita. Sijawahi kumwuliza jina lake."